Kuisema Sababu kwa Kadiri Yake

Somo letu la mara hii ni la lugha, walakini faida yake yafika mbali kuliko lugha. Katika mabaraza yetu, baada ya sala ya Isha, mazungumzo hayendi mbali ila hufika kwenye siasa za ulimwengu na bei za vitu. Mmoja husema unga umepanda kwa sababu ya vita vya Warusi. Wa pili humkatiza: si vita, ni kodi. Wa tatu huapa kuwa si vita wala si kodi, ni walanguzi. Kila mmoja ameshika jambo lenye ukweli ndani yake, na kila mmoja amelisema kwa namna ya kumfanya mwenzake kuwa mwongo. Aghlabu ugomvi huo hautokani na khabari. Hutokana na kukosa maneno ya kusema kuwa jambo fulani ni sababu, lakini si sababu nzima.

Maneno hayo tunayo katika Kiswahili, tena ni mengi. Haja ni kuyajua na kuyatumia kila moja mahali pake.

Ili somo lisiwe la hewani, tutachukua mfano wa Soko la Toi lililoko Nairobi, ubavuni mwa Kibera, karibu na Makina na barabara ya Ngong. Makina ni mtaa wa Wanubi, Waislamu ambao wazee wao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Mwingereza, wakapewa kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Toi ni soko la mitumba: nguo, viatu, mikoba na mashuka yaliyokwisha kutumiwa Ulaya, Marekani na kwengineko. Watu wa Kibera na wa Kawangware hununua hapo, na wenye nafasi vile vile. Nasi watu wa pwani hatuko mbali na jambo hili, kwa kuwa marobota hayo hushushwa bandarini Kilindini kabla ya kupanda bara.

Juu ya soko hilo na mfano wake, kuna sentensi moja iliyozoeleka katika magazeti na midomoni mwa wanasiasa: "Mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu vya nguo." Hiyo ndiyo tutakayoipima.

UZITO WA "NDIYO"

Maneno "ndiye", "ndiyo", "ndicho" na ndugu zao ni maneno ya takhsisi: huleta jambo moja, kisha hufunga mlango nyuma yake. Ukisema "Juma aliuvunja mtungi", umetoa khabari ya Juma, na yawezekana alikuwa na wenzake. Ukisema "Juma ndiye aliyeuvunja mtungi", umewatoa wengine wote, na Juma atalipa peke yake. Basi mwenye kusema mitumba "ndiyo" iliyoua viwanda ametoa hukumu kamili, na hukumu kamili yataka ushahidi kamili.

Tuutazame ushahidi. Baada ya uhuru Kenya ilikuwa na viwanda vya kusokota na kufuma, kama kile cha Kisumu kilichojulikana kwa jina la KICOMI, na kile cha Rivatex huko Eldoret. Vilikingwa kwa ushuru na kwa vizuizi juu ya nguo za nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mageuzi ya uchumi yaliyosukumwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, mlango ulifunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi. Viwanda vikaanguka kimoja baada ya kimoja. Rivatex nayo ilifungwa, mpaka mwaka 2007 iliponunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi.

Hayo ni kweli. Lakini mlango ule haukuingiza mitumba peke yake, kwani nguo mpya za bei ndogo kutoka Asia zilipita hapo hapo. Pamba ya nchini nayo ilikuwa ikipungua, kwa kuwa wakulima walicheleweshewa malipo yao wakaacha kuilima. Mashine zilikuwa kuukuu, umeme ulikuwa ghali, na madeni yalivilemea viwanda. Kisha ulipoingia mwaka 2005, ulimalizika mkataba wa kimataifa uliokuwa ukiziwekea nchi nyingi za Asia mipaka ya nguo wanazouza Marekani na Ulaya, na ushindani ukazidi hata katika masoko ya mbali.

Mtaalamu mmoja wa uchumi, Garth Frazer, alitoa utafiti wake juu ya jambo hili mwaka 2008. Hesabu yake ni ya Afrika kwa jumla, si ya Kenya peke yake, nayo ilimwonyesha kuwa nguo kuukuu za kutoka nje zaeleza takriban asilimia 40 ya upungufu wa utengenezaji wa nguo baina ya 1981 na 2000, na takriban asilimia 50 ya upungufu wa ajira katika kazi hiyo. Utafiti huo hutajwa sana na wenye kuishitaki mitumba. Nawe msomaji uangalie yaliyomo: asilimia 40 ni khumsi mbili. Asemaye mitumba haina neno ameziacha khumsi mbili zote. Asemaye mitumba "ndiyo" iliyoua ameziacha khumsi tatu.

MANENO NA DARAJA ZAKE

Sasa tuyapange maneno kwa uzito wake, tuanzie juu tushuke.

Daraja ya kwanza ni ya sababu nzima: "ndiyo sababu", "peke yake", "hapana sababu ila". Maneno haya yasitumiwe katika siasa na uchumi ila kwa nadra, kwa kuwa mambo ya ulimwengu ni machache mno yaliyo na mzazi mmoja.

Daraja ya pili ni ya sehemu iliyo kubwa: "sababu kubwa", "kwa sehemu kubwa", "zaidi ni kwa". Hapa lipo neno moja la kuangaliwa, nalo ni "khasa". Ukisema "ni khasa kwa sababu ya mitumba", umesema mitumba imezidi nyengine. Ukisema "sababu khasa ni mitumba", umesema hiyo ndiyo ya kweli, na nyengine ni visingizio. Neno ni lile lile, na mahali lilipowekwa pamebadili hukumu.

Daraja ya tatu ni ya sehemu isiyotajwa kadiri yake: "mojawapo ya sababu", "miongoni mwa sababu", "kwa kiasi fulani", "ina mkono wake", "imechangia". Hilo la mwisho lafaa kuzingatiwa. Limetokana na mchango, kama ule wa harusi au wa maziko, ambao kila mtu hutoa chake na hapana mchango wa mtu mmoja. Basi mwenye kusema "mitumba imechangia kuanguka kwa viwanda" amekwisha kukubali kuwa wako wachangaji wengine, na msikilizaji ana haki ya kumwuliza ni nani, na kila mmoja ametoa ngapi.

Daraja ya nne ni ya kilichoongeza jambo lililokuwapo: "imezidisha", "imeharakisha", "imetia nguvu". Kiwanda kilichokuwa kikiumwa kwa madeni na mashine mbovu, kisha ikaja mitumba, yafaa kusema mitumba iliharakisha kifo chake. Haifai kusema iliuanzisha ugonjwa.

SEHEMU SI SHAKA

Wengi wetu, tukitaka kupunguza ukali wa maneno, hukimbilia "labda", "huenda" na "yamkini". Haya ni maneno ya shaka, na shaka ni jambo jengine. "Huenda mitumba imeua viwanda" ni kauli ya mtu asiyejua. "Mitumba imeua viwanda kwa sehemu" ni kauli ya mtu mwenye yakini, aliyeona kuwa fungu la mitumba lipo, tena akaona kuwa si mali yote. Wa kwanza akiulizwa ushahidi atasema hana. Wa pili yampasa autoe.

Yafaa pia kuyakusanya yote mawili, inapokuwa sababu tunaijua na kadiri yake hatuijui: "Mitumba ina fungu lake, na huenda fungu hilo ni kubwa." Hapo kila neno limekaa mahali pake.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni "ka" ya masimulizi. "Mitumba ikaingia, viwanda vikafa." Sentensi hii haikutaja sababu hata kidogo, imetaja mambo mawili kwa kufuatana. Lakini sikio la Mswahili hulisikia la pili kuwa ni mtoto wa la kwanza. Kilichokuja baada ya jambo si lazima kiwe kimetokana nalo. Ukiwa na dalili ya sababu, itaje. Ukiwa huna, sema "baada ya" na uishie hapo.

Mtego wa pili ni kukanusha. "Viwanda havikufa kwa sababu ya mitumba." Je, viko hai, na mitumba ndiyo iliyovihuisha? Au vimekufa, lakini kwa jambo jengine? Maneno yachukua maana zote mbili. Kadhalika hayaonyeshi kama mitumba imetolewa kabisa au imenyimwa ukamilifu tu. Ukitaka kusema imo lakini haikutosha, sema: "Si mitumba peke yake iliyoviua viwanda." Ukitaka kuitoa kabisa, sema: "Viwanda vilikufa, na mitumba haikuwa na mkono."

Mtego wa tatu ni "si hili bali lile". "Si mitumba bali ni umeme ghali" huifuta mitumba na kuweka umeme. "Si mitumba tu, bali na umeme ghali" huviweka vyote viwili. Tofauti ni "tu" na "na", herufi nne, na kwa herufi hizo nne watu wawili waliokuwa wakisema ukweli nusu nusu wangeweza kupatana.

SABABU, SHARTI NA KIZUIZI

Wanavyuoni wa usuli wametupa zana iliyo nzuri kwa kazi hii, nayo ni kupambanua baina ya sababu, sharti na mani', yaani kizuizi. Mwanafunzi wa mirathi aijua: nasaba ni sababu ya kurithi, kuwa hai mrithi wakati wa kufa mwenye kurithiwa ni sharti, na kumwua mwenye kurithiwa ni kizuizi. Nasaba haifai kitu sharti likikosekana, na sharti pekee halimrithishi mtu.

Tuipeleke zana hiyo Toi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 soko hilo lilichomwa moto na kuporwa. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa: kwa sababu ya matokeo ya uchaguzi wa urais yaliyotangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Jibu hilo ni kweli, nalo ni khabari ya cheche. Cheche iliangukia majani makavu. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008 na kuhesabu watu 1,133 waliouawa nchini, ilitaja mambo ya miaka mingi: madaraka yaliyorundikana kwa rais, malalamiko ya ardhi na ya kubaguliwa, vijana wengi wasio na kazi, na mazoea ya kuwaacha wakosa bila ya adhabu. Kibera yenyewe ilikwisha kuona mapigano ya wapangaji na wenye nyumba juu ya kodi mwishoni mwa 2001. Na kizuizi ambacho kingaliweza kuuzima moto hakikuwapo, kwani upande uliotangazwa kushindwa ulisema hauna imani na mahakama.

Kila aina ina maneno yake. Kwa sababu ya karibu tunasema "imewasha", "imechochea". Kwa iliyo mbali tunasema "iliandaa", "ilitayarisha njia". Kwa kizuizi kilichokosekana tunasema "kwa kukosekana", "kwa kutokuwapo". Na kipimo cha kuzijua ni "lau". Lau matokeo yasingalibishaniwa, soko lisingalichomwa siku zile. Hiyo ni kweli. Lau mahakama yangaliaminiwa na wote, huenda ugomvi ungalikwenda huko. Hiyo nayo ina nguvu. Ikiwa "lau" mbili zaweza kusimama pamoja, hapana moja iliyo na haki ya "ndiyo".

KUGAWA MAFUNGU

Yako mambo ya uchumi ambayo sababu zake zagawika kwa hesabu, kama turathi. Tuchukue bei ya robota. Muuzaji wa Toi hulipa kwa shilingi, lakini robota lilinunuliwa ng'ambo kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya. Kufikia Januari 2024 ilikuwa kama 160. Basi robota la dola 100, hata kama bei yake ng'ambo haikubadilika, lilitoka shilingi 11,300 likafika 16,000. Sasa tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kuwa likimfikia muuzaji gharama yake yote ilipanda kutoka 11,300 hadi 18,000. Ongezeko ni 6,700. Katika hizo, 4,700 ni za dola, yaani kama saba katika kumi. Zilizobaki, 2,000, ni za mengine, na miongoni mwake ni mafuta ya gari, ambayo kodi yake ya ongezeko la thamani ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Mwenye hesabu hiyo atasema: "Bei imepanda kwa sehemu kubwa kwa kuanguka kwa shilingi, na kwa sehemu ndogo kwa mafuta na mengineyo." Hapo hapana wa kumwita mwongo.

Na sababu nayo ina sababu zake. Shilingi ilianguka kwa nini? Miongoni mwa sababu ni kupandishwa kwa riba Marekani kuanzia 2022, kukawavuta wenye fedha kuzirudisha dola kwao. Nyengine ni khofu ya deni la dola bilioni 2 ambalo Kenya ilipaswa kulilipa Juni 2024. Serikali ilipolipa sehemu ya deni hilo mapema, Februari 2024, shilingi ilipata nguvu, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu na 130. Kwa hiyo mtu akisema "ni Wamarekani", ameshika pete moja ya mnyororo. Akisema "ni madeni ya serikali yetu", ameshika pete nyengine ya mnyororo huo huo.

Lakini tahadhari: si sababu zote zagawika. Moto wataka kuni na kiberiti. Huwezi kusema nusu ya moto ni ya kuni na nusu ni ya kiberiti, kwa kuwa kimoja kikiondoka hapana moto hata wa nusu. Kuchomwa kwa Toi ni kwa namna hiyo. Katika mambo kama hayo usitafute asilimia. Sema: "kwa kukutana kwa hili na lile".

KWA NINI YATUPASA

Atasema msomaji: maneno ni maneno, yadhuru nini? Yadhuru, kwa kuwa dawa hufuata jina la ugonjwa. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuimaliza biashara ya mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao 2017. Kenya ikajitoa mapema katika azimio. Rwanda ikashikilia ushuru wake mkubwa, na Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nguo zake ruhusa ya kuingia bila ya ushuru. Azimio lile lilikuwa na hoja, maana fungu la mitumba katika kuanguka kwa viwanda ni la kweli. Lakini kama khumsi tatu za ugonjwa ziko kwenye pamba, umeme, madeni na nguo mpya za nje, basi kufunga mitumba peke yake ni kumtibu mgonjwa kiungo kimoja.

Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Kenya ilizuia mitumba kuingia, na zuio likaondolewa Agosti. Miezi ile michache haikuonyesha kuwa viwanda vitafufuka wala kuwa havitafufuka. Kiwanda hakijengwi kwa miezi mitano, tena ya maradhi. Ilichoonyesha ni nani aliyeumia kwanza, naye ni yule mama wa Toi aliyetandika nguo juu ya turubai, ambaye karo ya watoto wake imo ndani ya robota. Huyo, tunapotamka "mitumba ndiyo", tumemkatia hukumu bila ya kumsikiliza. Na mwanawe aliyekosa kazi kiwandani, tunapotamka "mitumba haina neno", tumemnyima haki yake vile vile. Uadilifu kwa wote wawili waanzia katika neno dogo: "kwa sehemu".

MAZOEZI

Wanafunzi wa darasa watajibu haya kwa kuandika, kila jibu lisipungue sentensi tatu.

1. Iandike upya sentensi hii bila ya "ndiyo", na utaje daraja uliyoichagua na kwa nini: "Vita vya Ukraine ndiyo sababu ya kupanda kwa bei ya unga." Katika jibu lako ukumbuke kuwa vita hivyo vilianza kwa ukamilifu Februari 2022, na kuwa mvua zilikwisha kukosekana katika nchi zetu tangu mwishoni mwa 2020.

2. Eleza tofauti ya maana: "Huenda kodi imepandisha nauli", "Kodi imechangia kupanda kwa nauli", "Sababu khasa ya kupanda kwa nauli ni kodi."

3. Sentensi hii ina maana zaidi ya moja. Zitaje, kisha iandike kila maana kwa maneno yasiyo na utata: "Wafanyabiashara hawakuhama kwa sababu ya moto."

4. Chagua jambo moja lililobishaniwa katika baraza lenu wiki hii. Taja sababu yake ya karibu, iliyo mbali, na kizuizi kilichokosekana. Kisha useme kama mafungu yake yagawika au hayagawiki.

Majibu yaletwe katika kikao kijacho, na kila mmoja awe tayari kuulizwa: ushahidi wako ni upi, na kadiri yake ni ngapi?